Karatasi Kutoka Kolo

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, upepo wa Dodoma unautikisa mnara wetu mpaka watu wakasema sauti yangu ilikuwa inakwenda na kurudi. Stesheni yetu ya redio ilikuwa changa bado. Vyumba viwili vya kupanga hapa Ipagala, na ukutani tumegongomea magodoro ya sufi ili mbwa wa jirani wasisikike hewani. Hilo jengo la vioo unakokwenda kuanza kazi Jumatatu lilizaliwa ndani ya magodoro yale. Usijidai nalo sana.

Nilikuwa na sauti mimi, usinione hivi nakohoa. Kipindi changu kilikuwa cha salamu, saa tatu mpaka saa sita, na kadi zilijaa kikapu. Nasoma, nacheka, naweka wimbo, nafumba macho. Nikifumba macho nilikuwa naiona sauti yangu inatoka dirishani, inapita juu ya mashamba ya zabibu, inafika Haneti, inapanda vilima vya Kondoa, inaingia kwenye nyumba za watu nisiowajua na kukaa nao. Mpaka leo nikisinzia mchana naota hivyo hivyo.

Mwenye stesheni, Mzee Sengo, alikuwa na sheria moja tu. Tangazo la kifo likifika linasomwa papo hapo, hata kama wimbo uko katikati. Enzi hizo vijijini simu hakuna. Mtu akifariki, ndugu wanaandika karatasi, wanampa kondakta wa basi, naye anatuletea sisi.

Basi saa nne asubuhi hiyo ikaja karatasi kutoka Kolo. Mwajuma, aliyeolewa Haneti, anajulishwa kwamba mama yake amefariki usiku, mazishi leo alasiri. Nikaipitisha macho. Salamu zilikuwa zimenoga, kuna bwana harusi alikuwa anasalimiwa na ukoo mzima, na mimi sikutaka kuharibu raha. Nikaisukumia chini ya kikapu, nikajisemea nitaisoma saa nane, pamoja na matangazo mengine. Mimi Mgogo, mwanangu, kwetu msiba unangoja watu wafike. Kwamba Warangi wa Kolo ni Waislamu na wanazika siku ile ile nilijua, na kwenye karatasi iliandikwa, lakini nilikuwa nimelewa sauti yangu mwenyewe.

Saa nane nikaisoma, vizuri tu, kwa huzuni inayotakiwa. Kisha nikairudisha chini ya kikapu, nikasahau.

Siku ya nne akaja mwanamke mmoja amejitanda kanga, miguu imejaa vumbi. Mzee Sengo akampa kiti. Akasema yeye ndiye Mwajuma. Tangazo lilimkuta anapepeta mtama, na lori la kwenda Kondoa lilikuwa limeshapita saa sita. Alipofika Kolo, mama yake alikuwa ameshazikwa.

"Mama hakuwa na binti mwingine," akasema. "Kumwosha ilikuwa kazi yangu. Wamemwosha majirani."

Nikaanza kusema kwamba basi lilichelewa. Mzee Sengo akanikatiza, wala hakupandisha sauti.

"Karatasi ilifika saa ngapi?"

"Saa nne," nikasema.

Mwajuma akanitazama. Afadhali angenitukana.

"Redio ilikuwa mlangoni tangu asubuhi," akasema. "Saa nne nilikuwa nakusikia unacheka, dada. Na mimi nikawa nacheka na wewe."

Hakuja kugombana. Alikuja kuomba ile karatasi, kwa sababu ilikuwa na jina la mama yake. Nikaitoa chini ya kikapu, imekunjika, ina duara la kikombe changu cha chai. Mzee Sengo akaniambia nimsomee kwanza. Nikasoma pale mbele yake, bila kipaza sauti, na sauti yangu iliyokuwa inafika Kondoa ikashindwa kuvuka meza. Niliona aibu ambayo haijaniisha. Yeye akaifunga karatasi kwenye pindo la kanga, akaaga, akaenda stendi.

Sikufukuzwa kazi. Nilisoma matangazo ya vifo miaka mingi baada ya hapo, na kila mara nilikata wimbo. Kuna watu walilalamika, eti nawaharibia muziki. Niliwaacha walalamike.

Sasa wewe unakwenda kukaa kwenye kiti kile, na najua simu zimejaa siku hizi. Bado utaletewa habari ya mtu, nawe utakuwa katikati ya raha zako. Huyo mtu humwoni. Yuko mahali anapepeta mtama, anakuamini, anacheka ukicheka. Usimwekee habari yake chini ya kikapu. Mpe saa ile ile, hata kama itakuharibia kipindi.

Mungu akupe sauti nzuri, mwanangu, na akupe watu wa kukusikiliza, uzeeke nao kwa amani. Na siku itakayokuja karatasi yenye jina langu, kata wimbo.