Kofia niliyoshona mimi, sifa anapewa bibi wa Tanga

Admin, ficha jina langu tu, mengine yaache kama nilivyoandika. Nina hasira na sitaki zipunguzwe.

Mimi ni kijana wa kiume wa miaka 28, Mzigua wa Kang'ata kule Handeni. Sasa hivi nimepanga Manundu, Korogwe, na nimeajiriwa na chuo kikuu kimoja, ofisi ya mitihani. Sio mhadhiri. Nasema mapema kwa sababu huku mtaani ukionekana tu unatoka getini chuoni basi unaitwa daktari, na wenzangu wanaipokea hiyo heshima bila hata aibu. Kuna mmoja anavaa kitambulisho cha kazi shingoni mpaka gengeni siku ya Jumapili, ananunua nyanya za kuungia. Wikiendi yao yote ni mikeka ya kubeti na kubishana mpira, Jumatatu wanaingia ofisini wamenuna kama wamefiwa. Halafu watu hao hao ndio wananicheka mimi.

Wananicheka kwa sababu nashona kofia. Zile nyeupe za mkono, zenye maua ya uzi na vitobo vidogo vidogo. Mjomba wangu alinifundisha nikiwa bado shule ya msingi, tukitoka shamba yeye anakaa barazani na sindano yake, na mimi na yangu. Kofia moja inanichukua hata miezi miwili, na siuzi. Naipenda tu hiyo kazi, inanituliza kichwa. Ofisini wameniita "mama wa vitambaa" mpaka wamechoka wenyewe. Sijawahi kuumia, kwa sababu mtu anayelipa fundi amrudishie kifungo cha shati hana la kuniambia.

Aliyeniumiza ni mchumba wangu. Nimwite Z. Ni mwalimu wa sekondari hapa Korogwe, Msambaa, kwao Dindira. Mahari imeshapokelewa, ndoa ni baada ya wiki tatu. Mwezi uliopita tulipanda Dindira kuwasalimia wazee, na mimi nikambebea baba mkwe kofia niliyomshonea. Niliishona kwa moyo wote, hata macho yalikuwa yananiuma.

Mzee aliivua ya zamani palepale, akaivaa mpya, akaivua tena akaigeuza ndani nje. Akasema, "Hii siyo ya mashine. Nani kaishona?"

Nikafungua mdomo. Z akaniwahi. "Kuna bibi mmoja Tanga mjini, baba, ndiye anayetushonea."

Mzee akaishika ile kofia kwa mikono miwili, akasema taratibu, "Marehemu baba yangu alikuwa anashona hizi. Amekufa sijajifunza, na mpaka leo inaniuma. Hivi siku hizi hakuna kijana anayejua?"

Jamani, nafasi si ndiyo hiyo? Nilimwangalia Z aseme. Akainamia kikombe chake cha chai. Na mimi, mwanaume mzima, nikamjibu mzee, "Hakuna, baba. Vijana wa sasa hawana subira." Hapo nilijidharau kuliko ninavyowadharau wale wa ofisini.

Tuliporudi nikamuuliza kwa nini amefanya vile. Akanijibu bila hata kunitazama, "Ulitaka niseme nini? Kwamba mume wangu msomi anajifungia ndani anadunga vitambaa kama mwali? Nyumbani wanajua wewe ni mhadhiri." Yaani na hilo nalo nilikuwa silijui. Nampenda huyu mwanamke, sifichi, ila siku ile nilimwona mdogo sana.

Nikadhani yameisha. Wiki iliyopita mzee akampigia Z simu, furaha tupu. "Mwanangu, yule bibi wa Tanga lazima aje harusini. Nitamkalisha mbele na nitampa doti ya kanga kwa mkono wangu, watu wote waone." Mtu mwenye akili angesema ukweli pale pale. Z yeye akaenda kutafuta bibi.

Na kampata! Bibi mmoja anayeuza vitumbua karibu na shule anakofundisha. Ameshamwahidi nauli na gauni. Tatizo mzee amemwona baba yake akishona, atamshtukia mtu asiyejua hata kushika sindano. Kwa hiyo Z akamleta kwangu Jumamosi mchana nimfundishe. Nimfundishe, mimi! Na nilivyo mjinga, nilimsalimia bibi wa watu, "Shikamoo bibi," nikamwekea kigoda, nikaanza kumwonyesha jinsi uzi unavyopita kwenye kofia nyingine niliyokuwa nayo.

Bibi hana kosa, ni mtu mzuri. Alijitahidi, akajidunga kidole mara mbili, mwishoni akaiweka ile kofia mapajani akaniuliza, Z akiwa pale pale pembeni, "Mjukuu wangu, kazi nzuri hivi. Kwani mwenyewe aliyeshona yuko wapi, mbona asiende yeye?"

Nilikuwa namsubiri Z. Nilijiambia akisema tu "ni huyu hapa", nimesamehe yote, naoa, nasahau.

Z akasema, "Alishafariki, bibi."

Bibi akaniangalia mimi, maana sindano ilikuwa mkononi mwangu, akasema, "Mungu amrehemu." Z akaitikia, "Amina."

Wiki tatu zimebaki, kadi zimeshasambazwa Korogwe mpaka Handeni. Niko njia panda: nipande Dindira peke yangu nikamwambie mzee ukweli, na Z ameshaniapia nikifanya hivyo hakuna ndoa? Au nikae kwenye jukwaa la harusi yangu nimpigie makofi yule bibi? Nisaidieni kufikiri, ila wa kuniambia "mwanaume na sindano wapi na wapi" apite tu, nina wenzie wa kutosha ofisini.