Jicho la Baba la Kushoto

Nikinusa mashudu ya alizeti yakitoka mashineni yangali ya moto, mwili hunisisimka kwa aibu. Nyumbani Ihanja, msimu wa kukamua alizeti ndio uliokuwa msimu wa kichwa cha baba.

Msidhani ni kichwa cha kumeza dawa na kulala. Hiki kilimshika upande mmoja tu, nyuma ya jicho la kushoto, kila siku jua likianza kupinda, na hakikumruhusu kukaa. Alizunguka uani kama ng'ombe aliyevamiwa na nyuki, akigonga paji la uso kwenye nguzo ya zizi, jicho jekundu, machozi yakimtoka upande huo huo. Majirani walisema ni pombe ya mtama. Baba yangu, ambaye hata togwa ikichacha aliikataa!

Nikiwa darasa la tano, walikuja wageni kumposa dada yangu Salome. Mama aliwaomba waje asubuhi, lakini gari liliwaharibikia njiani, pale Mkiwa, wakafika mchana. Tukiwa tunakula, baba alishika jicho, akainuka, akatoka. Punde tukasikia nguzo ikigongwa.

Mshenga akachungulia dirishani. "Kumbe mzee amelewa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikainamia sahani yangu. Mama naye akainamia yake. Aliyetokea ni Salome, mikono imejaa unga. Akapiga magoti. "Shikamooni. Baba hajalewa, anaumwa. Anayetaka kunioa aende akamwone."

Kijana mwenye posa akaenda. Tulimsikia baba akimsihi, "Usinitazame, mwanangu." Yule kijana akageuka, akampa mgongo, akasimama hapo hapo mpaka maumivu yakapoa.

Posa ikapokelewa. Miaka mingi baadaye ni shemeji huyo aliyempeleka baba hospitali kubwa, daktari akaupa ugonjwa ule jina. Sasa msimu ukikaribia baba anameza vidonge vya kuzuia, na kichwa kikianza anavaa barakoa na kuvuta oksijeni ya mtungi hadi kitulie.

Juzi nilimuuliza kwa nini miaka yote ile hakutueleza anavyoumia.

"Mngeniogopa," alisema.

Utotoni sikujua kwamba alikuwa akijificha kwa ajili yetu. Wala juzi hiyo sikuweza kumwambia kwamba tulikuwa na hofu tayari, ila si ya kichwa chake. Tuliogopa kuulizwa njiani, baba yenu ni yupi.