Chupa ya Maji ya Chini

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kupima maji niliimaliza nimelowa hadi magotini, ukingoni mwa Mto Rwizi upande wa Nyamitanga. Mkuu wa maabara, mama mkali wa hapahapa Mbarara, alinipa chupa ya kioo yenye kamba. Nilipoijaza, aliinyanyua juani akaona kipovu kimoja, akaniita kama waitwavyo wanawake wote huku.

"Nyabo, hii iko na hewa ya nje. Mwaga, anza tena!"

Nilimwaga mara tisa. Nyinyi vijana mnatumbukiza kifaa na kusoma namba. Sisi tulitia dawa mbili palepale mtoni. Maji yenye oksijeni yaligeuka kahawia, yasiyo nayo yakabaki meupe. Niliipenda kahawia ile, jamani, na naikumbuka mpaka leo.

Baadaye nilihamishiwa Ziwa Nakivale, ambako Rwizi humwaga maji yake. Wiki chache baada ya mvua kubwa, samaki walielea wamekufa. Nilichota maji ya juu, yakageuka kahawia safi, nikaandika kwamba ziwa halina tatizo. Nilijiona fundi. Basi watu wakasema ni sumu, na lawama zikamwangukia Byamungu, mvuvi Mkongomani wa Kashojwa, kando ya ziwa, kwa kuwa siku samaki walipoelea yeye peke yake hakuwa ameingia ziwani. Kamati ya wavuvi ikamnyang'anya mtumbwi.

Alinifuata hadi kwangu.

"Mama, miye sikutia kitu mu maji. Nyavu za chini ndizo zilianza kutoa samaki za kufa, mingi sana. Weye ulipima fasi gani, juu ao chini?"

Swali lile lilinichoma. Kesho yake tulikwenda pamoja, nikashusha chupa hadi karibu na tope. Nilipotia dawa, maji yalibaki meupe. Mvua ilikuwa imesomba mbolea na takataka za mashambani. Mwani ukastawi, ukafa, ukaoza, na uozo huo ukala oksijeni yote ya chini.

Tulipompelekea mkuu wa maabara chupa ile, alituambia hata pwani za bahari huwa hivyo, tena zaidi: maji matamu ya mito ni mepesi, hulala juu ya maji ya chumvi kama mfuniko wa sufuria, hewa ikashindwa kushuka. Kisha akanigeukia.

"Kosa iko yako. Andika na mkono yako, soma mbele ya watu."

Nilisoma mbele ya wavuvi wote, chupa mbili mikononi, ya maji ya juu na ya maji ya chini. Mtumbwi ukarudishwa, lakini Byamungu alikuwa ameshakufa moyo. Akaenda kulima maharage.

Sasa nimestaafu, naishi Ruti, hapahapa Mbarara, na naikosa sana kazi ile. Mwezi uliopita nilikwenda Kashojwa kununua maharage kwake. Mwanamke mmoja, mgeni pale, akaninong'oneza: "Mama, ule mzee banasema aliuaga samaki ya ziwa."

Niliweka kikapu chini, nikaketi kando ya mwanamke yule, nikaanza kumweleza tangu chupa ya kwanza.