Maji ya Kisima Ndani ya Kompyuta

Majina yao sitayaandika, ila kila mmoja nitamtaja kwa kazi yake, ajijue: fundi wa kompyuta hapa Malindi, kaka yangu wa tumbo moja, na mwenye karakana ya Mtwapa. Watu wakiuliza kwa nini siku hizi sishiki kamera, hawatazamwi wao. Natazamwa mimi.

Shule niliiacha darasa la sita. Kwenye ndoa nilitoka na mkono ulioungwa vibaya, lakini nilitoka hai. Kilichonilisha baada ya hapo ni kamera. Kwetu Shella, mtaa wa hapa Malindi, siku ya kupambwa, bibi harusi hukaa mbele ya wanawake peke yao. Mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachwa wazi, watu wazima wanacheza kama wasichana. Mlangoni hukaa mama na kikapu, na simu zote zinaingia humo. Kamera inayopita ni moja tu, na kwa miaka mingi ilikuwa yangu. Heshima yangu yote ilikuwa pale: walijua hakuna mwanamume atakayeziona.

Picha za video nilizikata na kuziunga nyumbani, mlango nimeufunga, chini ya mabati, kwenye jua la kaskazi. Kompyuta yangu ya kwanza ilichemka mpaka ikafa. Fundi akaja, akaigusa, akatikisa kichwa.

"Mamangu, wewe unataka ya kupozwa na maji."

"Maji na stima? Umerogwa?"

Akacheka. "Ni kama rejeta ya gari tu. Maji yanazunguka kwenye mirija, yanauchukua moto kwenye ubongo wa kompyuta, yanaupeleka kwenye rejeta, feni zinaupuliza nje."

Ilipokuja nikaipenda, sikatai. Mirija yenyewe ya kupitisha mwanga, na pampu ndogo inanguruma kama paka aliyeshiba. Akataka maji ya kujazia. Nilidhani anayo yake. Akachukua kata, akateka kwenye ndoo yangu ya uani. Maji ya kisima! Maji ambayo Malindi nzima inajua yana chumvi, ukiyachemsha birika linaota ukoko mweupe.

"Hayo hayo?" nikamuuliza.

"Maji ni maji, mamangu."

Kumbe yanatakiwa maji safi yasiyo na chumvi wala chochote, kama yale ya betri ya gari. Yanauzwa kituo cha petroli, na kituo kiko pale barabarani. Asingetokwa hata na jasho.

Haukupita muda mirija ikaanza kuota utando mweupe, kama koo la mgonjwa. Pampu ikawa inalia. Kila nikianza kuunga picha, kompyuta inapanda moto na kujizima. Na ndani yake mlikuwa na harusi ya binti wa jirani yangu, sijaimaliza. Binti mwenyewe ameshamfuata mumewe, mamake kila akinikuta dukani ananiuliza, "Bado, shoga?"

Fundi akasema ugonjwa huu ni wa kupelekwa Mtwapa, kwenye karakana yenye vifaa.

"Ipeleke. Ila diski yenye picha itolewe kwanza, ibaki kwangu."

"Bila diski wataijaribu vipi?"

"Wakajaribu na ya kwao."

Akaondoka amenuna. Kisha nikapata msiba Mariakani, nikaenda kuzika. Fundi akarudi nyumbani kwangu, akamkuta kaka yangu. Kaka alikuwa ameketi hapo hapo siku ile nikisema habari ya diski, na masikio anayo mawili. Akambebesha kompyuta nzima.

"Na diski?" nikamuuliza niliporudi.

"Mimi sijui diski. Dada, hiyo ni kompyuta, si mtoto mchanga."

"Mna wake za watu mle, vichwa wazi!"

"Sasa nani ana haja ya kuwatazama hao mama zetu?"

Kulipokucha nikaenda Mtwapa.

Karakana iko wazi kwa barabara. Kioo cha kompyuta yangu kilielekezwa kwenye benchi la wateja, na kwenye kioo yuko bibi harusi, hina mpaka mabegani, nywele zimemwagika. Nyuma yake mamake, kavaa gauni la kijani, anacheza. Kwenye benchi wanaume na soda zao.

"Ebu muone mama wa kijani," mmoja akasema. "Kiuno hicho, wallahi, binti yake hakuambulia!"

Mwenye karakana hakuzima. Alianza kunielimisha. "Bi mkubwa, kupoza kunapimwa kwa kazi nzito. Tukaitafuta kazi nzito humo ndani, tukapata hii video. Inazunguka tangu asubuhi, na moto haujapanda hata kidogo."

"Umepanda kwenye macho yenu."

"Sisi tunaangalia namba tu, zile za pembeni."

Benchi zima likacheka. Nikaung'oa waya ukutani.

"Utaiua!"

"Ife."

Nikamtaka aifungue aitoe diski, nikarudi nayo mkobani, nikapitia moja kwa moja kwa jirani yangu. Nikamweleza yote isipokuwa habari ya kiuno. Aliuliza neno moja.

"Na mimi nimo?"

"Umo."

Akaichukua diski, akaenda nayo uani, akaiweka juu ya jiwe la kufulia, akaiponda kwa mchi. Binti yake hana hata picha moja ya siku ile.

Fundi bado ana duka. Juzi amenisalimu, "Shikamoo mamangu, lakini ile mashine si ilipona?" Kaka yangu bado anakula kwangu, na bado anasema wanawake tunakuza mambo.

Harusi iliyofuata mtaani nilikwenda kama kawaida, kamera begani, betri nimezijaza. Mlangoni aliketi mama yule yule wa kikapu, ambaye miaka yote alikuwa akinipisha kabla sijamsalimu. Safari hii hakusogea. Aliinua kikapu, simu zimejaa, akanyoosha mkono.

"Na yako, shoga."

Nikaivua begani, nikamtilia mwenyewe. Nikaingia, nikakaa pamoja na wageni.