Mama wa Ng'washi

Tangu riwaya yake ya kwanza ya watoto itoke, mwalimu huyu wa Igoma akiitwa “mwandishi” hugeuka nyuma kumtafuta anayeitwa. Kabla ya kukifungua kitabu hufuta jalada kwa upindo wa kitenge, hata likiwa safi, na vidole vyake vya chaki hurudirudi juu ya jina lake kana kwamba linaweza kuhama. Juzi shule moja ya Mabatini ilimwalika awasomee watoto sura ya mwisho, pale Ng'washi anapokubali kwamba mama yake, aliyepanda meli ya Bukoba, harudi tena.

Sauti yake ni ndogo, ikabidi darasa zima liiname kumsikiliza. Alipomaliza, msichana mmoja akasimama. “Samahani mwalimu, siyo hivyo. Mama alirudi.”

“Nani kakwambia?”

“Kitabu chetu kilichanika kurasa za mwisho, tukamalizia wenyewe.”

“Alirudi!” wenzake wakaitikia.

Akautazama ukurasa, akawatazama wao, asijue amtetee nani. Miaka minne aliihangaikia sura ile. Akakifunga kitabu, akakaa kwenye dawati kati yao. “Haya,” akauliza taratibu, “alirudije?”