Neno Lililoacha Goli Wazi

Nilikwenda Ulaya kwa sababu kocha mmoja mgeni alipita kwetu Kalemie, akatukuta tukicheza kando ya ziwa, akampenda beki mmoja mkorofi. Beki huyo ni mimi. Alinipa nafasi ya msimu mmoja katika timu yake ya soka la ufukweni huko Ureno, kwenye ligi inayokutanisha klabu za nchi kadhaa.

“Uende, mutoto yangu,” alisema mama. “Baridi ikikupiga, usiseme sikukuambia.”

Kigoma, ng’ambo ya ziwa, nilifika kwa boti. Nilinunua begi sokoni, na muuzaji akadhani mimi ni wa palepale. Nilivimba kichwa. Sisi wa Kalemie hujisifu kwamba Kiswahili chetu hakimpotezi mtu. Kutoka hapo nilipanda basi hadi Dar es Salaam, kisha ndege.

Ureno, wiki ya kwanza, mchanga ulinitesa. Wa kwetu karibu na maji ni mgumu. Ule ulimeza miguu hadi vifundoni. Kipa wetu, Rashidi, alitoka Dar. Kocha alizungumza Kifaransa, lugha ya shule kwetu, Rashidi hakijui, basi mimi nikawa mkalimani wao. Siku moja kocha alitupasulia ukweli: wageni wawili, mkataba wa msimu ujao mmoja. Nilitafsiri neno kwa neno. Tangu hapo hata mezani tulikuwa tunatazamana kwa pembe ya jicho.

Mwisho wa Julai tulikuwa Italia kwa mechi mbili za mwisho. Tusiposhinda hata moja, tunashuka daraja. Katika ya kwanza tulikuwa sare, sekunde chache zimebaki, mpira ukaja juu langoni kwetu. Nilikuwa nimeshauona vizuri.

“Njo yangu! Njo!” nilipiga kelele.

Kwetu maana yake ni kwamba huo ni wangu. Rashidi alisikia anaitwa. Alitoka mbio, tukagongana, na mshambuliaji wao akausukuma mpira kwenye goli tupu.

Kocha alikuja amewiva kwa hasira. “Muulize kwa nini ameacha goli.”

“Mwambie umesema njoo, nimekuja,” alijibu Rashidi.

Nikamgeukia kocha. “Anasema jua lilimuingia machoni.”

“Basi kesho hachezi.”

Rashidi aliniuliza kama nimefikisha maneno yake. Nikasema ndiyo.

 Asubuhi niliona aibu, na niliutaka ule mkataba vilevile.  Mama husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia mlangoni kwa kocha. Nilimweleza lile neno na uongo wangu.  Alifuta jina langu kwenye karatasi ya kikosi, akaandika la Rashidi.

Mechi ilikwenda hadi penalti. Kutoka benchi nilimwona Rashidi akidaka mbili. Tulibaki kwenye daraja, na mkataba ukawa wake. Nilimpigia makofi, na iliniuma, sitaficha.

Nimerudi Kalemie mikono mitupu. Watu wakiniuliza nimejifunza nini kule, nawasimulia tu nilivyoagana na Rashidi uwanja wa ndege wa Dar.

“Jioni ya ile mechi ya kwanza kocha alinipa kofia ya jua,” aliniambia. “Na jua lilikuwa mgongoni kwangu. Nikajua ulichomwambia.”

“Sasa mbona haukunisema?”

“Ningemwambia kwa mdomo gani, kaka? Mdomo wangu ulikuwa wewe.”