Nimeoa Juzi, Lakini Mama Mkwe Ndiye Anayelala Kitandani Kwangu

Admin, ficha jina langu kabisa, maana mama mkwe wangu ana wajukuu wenye simu.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Mwala, ninauza mabati na misumari katika duka moja la hardware hapa Machakos mjini. Nimeoa. Acheni niandike tena: nimeoa! Ni miezi miwili na nusu tangu kanisani, na bado nikiamka naangalia pete kabla ya saa. Mke wangu ni fundi wa kushona, ana sauti ya kunisahaulisha bei ya bati, na akicheka hufunika mdomo kama mtu aliyeiba sukari. Nampenda mpaka wateja wananiona mjinga. Lakini kwa siku thelathini na tatu sijalala nyumbani kwangu, na hatujagombana.

Shida ilianza na mdomo wangu. Wiki chache baada ya harusi tulienda kwao Ndithini kushukuru, nikasikia kwamba mama mkwe haoni vizuri, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Kwa ile furaha ya bwana harusi nikasimama mbele ya wazee nikasema, "Mama aje Machakos atibiwe. Kwetu ni kwake." Walipiga makofi. Mke wangu alinifinya mguu chini ya meza. Nilidhani ni mapenzi.

Kwetu ni chumba kimoja: kitanda, pazia, cherehani na jiko la gesi. Na sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni, ile heshima ya kuogopana kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Hamtazamani uso kwa uso, hamli pamoja, na kulala chini ya paa moja hakuna kabisa. Vijana wengi wameacha, hata pasta wetu anasema tusiogope. Lakini mama mkwe, ingawa ni mama wa kanisa, hajaacha. Mimi nilifikiri mambo ya hospitali yataisha kwa siku moja.

Nilikodi probox kumleta. Nikakaa mbele, yeye nyuma na mke wangu na kuku wawili. Mke wangu akamnong'oneza dereva, dereva akacheka mpaka akakohoa.

"Ati nigeuze kioo? Sasa nitaona aje wenye wananifuata?"

Akakigeuza. Safari nzima nilitazama mbele tu, shingo imekauka, na kila tuta dereva ananiuliza, "Mkwe, uko hai?" Kuku mmoja akaruka akatua begani kwangu. Sikuthubutu kugeuka kumtoa. Nilifika naye Machakos hivyo hivyo.

Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji. Daktari akasema dawa ya matone mara nne kwa siku, kliniki kila wiki, na likipona, la pili lifuate bila kuchelewa. Jioni ile nilimkuta mama nje kwenye stuli, amejitanda leso, anatetemeka kwa baridi. Hakulalamika. Alikuwa anangoja kujua mimi nitalala wapi. Nikachukua blanketi nikaenda kwa rafiki yangu Kioko. Kwenye ploti yetu hakuna chumba kingine, caretaker anasema tungoje mtu ahame.

Tangu hapo ninamchumbia mke wangu upya. Saa saba ananiletea dukani muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, tunakula nyuma ya mabati tumeshikana mikono. Asubuhi nikienda kuchukua shati nakohoa langoni mara tatu, mama anajifunika, na mkono wa mke wangu unatokea mlangoni na shati. Huo mkono nimewahi kuubusu mbele ya wapangaji wote waliokuwa kwenye foleni ya maji.

Caretaker akasema, "Bro, kama umefukuzwa sema, tukuombee msamaha."

Jirani mmoja akamjibu, "Hajafukuzwa. Amebadilishwa!"

Ploti nzima ikaangua kicheko. Hata mimi nilicheka. Mke wangu hakucheka.

Jumatatu alilia dukani. Yeye humwita mama yake mwaitu. "Mpenzi, mimi ni bibi ya nani? Nikiamka naona mwaitu. Nikimwambia arudi Ndithini nitakuwa mtoto wa aina gani? Na wewe ukirudi, yeye atalala nje. Namjua." Nilimpa kitambaa ajipanguse, kumbe ni kile cha kufutia saruji. Alirudi nyumbani na uso wa kijivu, nami nikabaki nimeshika bakuli.

Jana nikakohoa langoni kama kawaida. Mkono haukutokea. Nikasogea mlangoni, nikasikia sauti ya mama nyuma ya pazia, mara ya kwanza kunisemesha tangu niwe mkwe wake.

"Mwana wakwa, hilo shati lako kola ni chafu. Naona. Basi jicho moja limetosha, njia ya kanisa nitaiona. Ijumaa naenda nyumbani. Rudi kwa bibi yako."

Nilitaka kusema asante. Nilitaka kusema usiende. Nikaenda kazini na kola yangu chafu.

Akienda najua harudi, na jicho la pili litazima. Mke wangu hatanilaumu kwa maneno, lakini atakuwa anajua lilizima kwa sababu ya kitanda changu. Akibaki, ni miezi miwili mingine, na Kioko ameshaanza kuniuliza tarehe. Nilimpigia mama yangu Mwala, akasema, "Ukiingia humo naye akiwa ndani, usiniite mama." Baba anasema wazee wanaweza kuondoa hiyo nthoni kwa mbuzi na blanketi mbele ya familia zote mbili, ila lazima mama mkwe mwenyewe akubali. Nani atamuuliza? Mke wangu anaona aibu, na mimi siruhusiwi.

Leo ni Jumatano. Mliooa kabla yangu, na hasa kina mama wa Ukambani mnaosoma hapa, nisaidieni kabla ya Ijumaa. Nimwache aende nipate mke wangu, au nimzuie? Na kama ni kumzuia, nikimwambia niwe nimetazama wapi?